Macho Mekundu: Juu ya Kuufasiri Uso katika Picha ya Paul Klee

Mtu awekwapo mbele ya picha ya uso usiofanana na uso wa mtu ye yote, maswali mawili humjia upesi. La kwanza ni: huyu ni nani? La pili, likiisha kukosekana jibu la kwanza, ni: basi maana yake nini? Swali la kwanza ni la jamaa na jirani, wala halina lawama, kwa sababu tangu utotoni uso ndio alama ya kumtambulia mama, ndugu na mgeni. Swali la pili ndilo la mhakiki, na ndilo lenye hatari. Kwani namna ya kulijibu hulifunza jicho tabia, na tabia hiyo haibaki ndani ya chumba cha picha. Makala haya yanachunguza picha moja ndogo, na kuuliza ni kwa njia gani yafaa ifasiriwe na msomaji wa Kiswahili, hasa yule atokaye Usukumani, katika mji kama Kharumwa, ambako maneno "macho mekundu" yana uzito ambao mchoraji mwenyewe hakuujua.

Picha hiyo ni Senecio, iliyochorwa na Paul Klee mwaka 1922, na iliyohifadhiwa katika jumba la sanaa la mji wa Basel, Uswisi. Klee alizaliwa karibu na mji wa Bern mwaka 1879, na alipoichora picha hii alikuwa mwalimu katika chuo cha Bauhaus, Weimar, Ujerumani. Si picha kubwa: kila upande wake ni kiasi cha sentimita 40, yaani haupiti mkono wa mtu mzima kutoka kiwikoni hadi nchani mwa vidole. Imechorwa kwa rangi ya mafuta juu ya kitambaa chepesi kilichobandikwa katika karatasi ngumu.

Yaliyomo yaweza kuelezwa kwa maneno machache. Juu ya uwanja wa rangi ya chungwa lipo duara. Chini yake shingo nyembamba, kisha mabega yaliyo bapa. Duara limekatwa kwa mistari likawa vipande vya manjano, chungwa, waridi, wekundu hafifu na weupe, mfano wa bonde la mpunga lililogawanywa majaruba. Pua ni mstari mwembamba uteremkao katikati. Juu ya jicho moja nyusi imekuwa upinde. Juu ya jicho la pili imekuwa pembetatu iliyochongoka. Mdomo ni vipande viwili vidogo vya pembe nne. Na macho yote mawili yana mboni nyekundu.

Jina la picha halikuwekwa ovyo. Senecio ni jina la jamii ya mimea, nalo limetokana na neno la Kilatini lenye maana ya mzee, kwa sababu mbegu za mimea hiyo huwa na manyoya meupe kama mvi. Majitu yaotayo juu ya mlima Kilimanjaro, ambayo wataalamu wa siku hizi huyaita Dendrosenecio, nayo kwa muda mrefu yalihesabiwa katika jamii hiyo hiyo. Kwa hiyo jina hili si geni kabisa katika nchi ya Tanzania. Kwa Kijerumani Klee aliongeza jina jingine, Baldgreis, ambalo ni neno la mchezo, na lamaanisha mtu ambaye karibu atakuwa mzee. Basi mtazamaji ameambiwa jambo moja tu: huu ni uso wa mtu aliye njiani kuelekea uzeeni, na macho yake ni mekundu.

Kuna fasiri mbili mbaya ambazo picha ya namna hii huzivuta. Ya kwanza ni ile ya kuidharau: kwamba mtoto angeweza kuichora, kwamba mchoraji ameshindwa kuiga uso kama ulivyo. Fasiri hii haihitaji jibu refu. Duara lililo sawa, rangi zilizopangwa hata joto la moja lapokewa na ubaridi wa nyingine, na nyusi mbili zisizofanana zilizowekwa kwa makusudi juu ya macho yanayofanana, si kazi ya mkono usiojua. Aliyeacha kuiga hakuacha kwa kushindwa. Aliacha ili jambo jingine lipate nafasi.

Fasiri ya pili ni mbaya zaidi, kwa kuwa huvaa joho la elimu. Hiyo ni fasiri ya kamusi. Mfasiri hushika kila sehemu ya picha peke yake na kuipa maana iliyokwisha kuamuliwa kabla picha haijatazamwa: nyekundu ni hasira au damu, pembetatu ni hila, mdomo mdogo ni siri, duara ni ulimwengu. Kisha maana hizo hujumlishwa, na jumla yake huitwa ujumbe wa msanii. Wanafunzi wengi hufundishwa hivyo, na wengi hupewa alama nzuri kwa kufanya hivyo. Lakini fasiri ya namna hii haimhitaji mchoraji hata kidogo. Mwenye kamusi angeweza kuandikiwa orodha ya maumbo na rangi katika barua, akatoa jibu lile lile pasipo kuiona picha.

Udhaifu wake hudhihirika mtu akifanya jaribio dogo mbele ya nakala ya picha. Mboni zikifunikwa kwa ncha za vidole, uso hufifia; vipande vya rangi hurudi kuwa vipande vya rangi, na duara huwa sahani au jua. Vidole vikiondolewa, kiumbe hurudi na kutazama. Basi wekundu ule hausemi "hasira" wala "damu". Kazi yake ni kushika: ndio unaoyakusanya majaruba yale yaliyotawanyika na kuyafanya uso mmoja. Na unaweza kufanya hivyo kwa sababu umewekwa kati ya rangi za chungwa na waridi, ambazo ni ndugu zake zilizopoa. Wekundu huo huo ukihamishiwa katika picha nyingine ungefanya kazi nyingine. Maana haimo katika rangi. Imo katika ujirani wa rangi.

Hapa ndipo Kharumwa inapoingia katika mjadala, wala haiingii kwa mapambo. Kharumwa ni makao makuu ya Wilaya ya Nyang'hwale, wilaya iliyo katika Mkoa wa Geita tangu mkoa huo ulipoundwa mwaka 2012, na iliyo jirani na Mkoa wa Shinyanga. Ni nchi ya pamba, mahindi, mpunga, ng'ombe, na wachimbaji wadogo wa dhahabu. Ni sehemu pia ya nchi pana ya Usukuma ambako, kwa miaka mingi, bibi kizee mwenye macho mekundu aliweza kutazamwa na jirani zake na kusomwa kama barua. Mtoto ameugua, ng'ombe wamekufa, mvua imekawia. Macho ya fulani ni mekundu. Basi fulani ni mchawi. Hesabu za serikali ya Tanzania zilionyesha kwamba kati ya miaka 1970 na 1984 watu zaidi ya 3,600 waliuawa nchini kwa tuhuma za uchawi, walio wengi wakiwa wanawake, na sehemu kubwa ya mauaji hayo ilitokea katika mikoa ya Usukuma. Mauaji hayakukoma mwaka ule.

Sababu ya wekundu huo yajulikana na kila apikaye. Katika nchi iliyopungukiwa na miti, moto wa mafiga huwashwa kwa mabua ya mahindi, kwa miti ya pamba iliyokwisha kuvunwa, na kwa samadi kavu ya ng'ombe. Moshi wake ni mzito, na jiko aghalabu halina dirisha la kutosha. Mwanamke aliyeinama juu ya moshi huo kwa miaka 50, akiwapikia wale wale ambao siku moja watamshtaki, hawezi kubaki na macho meupe. Wekundu wa macho yake ni hesabu ya milo aliyoipika. Aliyeusoma kuwa ni uchawi alifanya kosa lile lile la mwenye kamusi: alikamata alama moja, akaitenga na maisha yaliyoizaa, akaitafutia maana katika orodha aliyoirithi. Na mara nyingi nyuma ya orodha hiyo lilikuwapo jambo jingine lisilotajwa, kama vile shamba la mjane au ugomvi wa urithi.

Ajabu ni kwamba nchi hiyo hiyo ina watu waliofuzu katika elimu ya alama. Mchimbaji wa dhahabu hulisoma jiwe kwa jicho: hutazama mwamba mweupe uliopita katika mwamba mweusi, hutazama kutu, hutazama kimetacho. Lakini mchimbaji aliye mwerevu hajui kusoma tu, anajua pia kwamba jiwe hudanganya, na kwamba vipo vimetavyo visivyo dhahabu. Kwa hiyo haridhiki na alama. Mbale hupondwa, husagwa, huoshwa kwa maji, na kinachobaki chini ndicho kisemacho kweli. Jiwe la duarani lilipewa haki ya kujaribiwa. Uso wa bibi kizee haukupewa. Hukumu yake ilikwisha pale pale ilipoanza, katika mtazamo wa kwanza.

Isidhaniwe kwamba upofu huu ni mali ya Wasukuma peke yao. Katika nchi aliyozaliwa Klee, mtumishi wa nyumbani aitwaye Anna Göldi aliuawa huko Glarus mwaka 1782 baada ya kutuhumiwa uchawi, na bunge la jimbo hilo lilimwondolea hatia mwaka 2008 tu. Miaka michache kabla ya kifo chake, kati ya 1775 na 1778, mchungaji Johann Caspar Lavater wa Zürich alikuwa ametoa vitabu vikubwa vya kufundisha kwamba tabia ya mtu yaweza kusomwa katika pua, paji na kidevu chake. Mwaka 1876 daktari Cesare Lombroso wa Italia akadai kwamba mhalifu wa kuzaliwa hujulikana kwa umbo la kichwa na uso. Hayo yalipokewa kama elimu na watu waliokuwa wakicheka ushirikina wa wengine.

Na picha za kisasa zenyewe hazikusalimika. Mwaka 1928 mhandisi wa majengo wa Kijerumani, Paul Schultze-Naumburg, alichapa kitabu kiitwacho Kunst und Rasse, ambamo aliziweka nyuso zilizochorwa na wasanii wa kisasa kando ya picha za kamera za watu wagonjwa na wenye ulemavu, ili msomaji aamini kwamba sanaa hiyo ni dalili ya damu iliyoharibika. Klee alifukuzwa kazi ya ualimu huko Düsseldorf mwaka 1933, akarudi Bern. Mwaka 1937, katika maonyesho yaliyofanywa na utawala wa Nazi mjini München kwa ajili ya kuifedhehesha sanaa iliyoitwa potovu, kazi zake 17 zilitundikwa ili zichekwe. Waliozicheka walifundishwa kuutazama uso wa rangi kana kwamba ni uso wa nyama, na kuutazama uso wa nyama kana kwamba ni karatasi yenye hukumu. Makosa hayo mawili ni mapacha. Katika la kwanza picha hunyimwa haki ya kuwa picha; katika la pili mtu hunyimwa haki ya kuwa mtu.

Lakini Usukuma hauleti msiba peke yake katika mjadala huu. Unaleta pia dawa. Watu hawa wana desturi ya zamani ya ngoma za mashindano baada ya mavuno, ambamo vyama viwili vikuu, Bagika na Bagalu, hushindania watazamaji kwa kila hila ya sanaa, zikiwamo sanamu na vinyago. Makumbusho ya Bujora, karibu na Mwanza, yaliyoanzishwa kwa juhudi za padre David Clement, yamehifadhi sehemu ya urithi huo. Baadhi ya vinyago vya Kisukuma vimechongwa kwa mkono mzito usiojali ulaini: macho ni matundu, pua ni ubao ulioachwa wima, na mdomo hupachikwa meno. Vyaweza kuitwa sura za dhahania pasipo kuazima neno Ulaya.

Mtazamaji wa ngoma hawezi kukiuliza kinyago: wewe ni uso wa nani? Anajua kwamba kimechongwa. Hutishika, hucheka, hurudi nyuma, husogea tena, na muda wote huo anajua. Wahenga wamesema kwamba kinyago ulichokichonga mwenyewe hakikutishi. Na kwa kawaida methali hii hutumiwa kumkejeli mwenye majivuno mbele ya aliyemlea. Lakini ina maana nyingine ifaayo kwa uhakiki. Ajuaye jinsi kitu kilivyotengenezwa hawezi kutawaliwa nacho. Akiona kwamba ukali wa kinyago umetoka katika tundu la jicho lililopanuliwa kidogo, na katika meno yaliyopachikwa kwa mkono, hofu yake hugeuka kuwa maarifa. Elimu hiyo ndiyo ambayo Senecio yaidai: kuutazama uso mpaka mtazamaji aone ni kwa viungo gani ule mtazamo umejengwa, na ni yeye mwenyewe ameongeza nini juu yake.

Yaweza kupingwa kwamba kinyago nacho kina kamusi yake. Kwamba wachezaji na wazee hujua maana ya kila alama, na hivyo mfasiri wa kamusi hajakosea. Pingamizi hilo lina ukweli nusu. Ni kweli kwamba alama za kikundi huwa na maana zilizokubaliwa. Lakini maana hizo huishi ndani ya ngoma: pana mchezaji, pana wimbo, pana hasimu wa upande wa pili, pana msimu. Kinyago kikitolewa humo na kupachikwa ukutani, sehemu kubwa ya kamusi hiyo hunyamaza, na mtazamaji hubakiwa na umbo. Hapo atalazimika kulitazama umbo kwa uaminifu, au kujitungia maana na kumsingizia mchongaji.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Je, ni haki kuitwika picha ndogo ya mwaka 1922, iliyochorwa kwa mzaha mpole juu ya uzee, mzigo wa wafu wa nchi ambayo mchoraji hakupata kuiona? Jibu ni kwamba si haki, iwapo itadaiwa kwamba Klee alikusudia hayo. Hakuyakusudia. Wala picha haiwezi kumwokoa mtu. Waliookoka wameokolewa na majirani waliokataa kukaa kimya, na majiko yaliyopunguzwa moshi, na wakati mwingine na dola. Maana Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928 iliufanya kuwa kosa si uchawi tu, bali hata kumtaja mwenzio kuwa mchawi. Lakini mfasiri hutazama kwa macho aliyo nayo, na macho hayo yamelelewa mahali. Msomaji wa Kharumwa akijifanya kwamba wekundu wa macho ya mzee haumkumbushi jambo, atakuwa ameanza fasiri yake kwa uongo. Yampasa akumbuke, kisha aisahihishe kumbukumbu yake kwa kutazama. Kumbukumbu ni mlango wa fasiri. Haifai kuwa hukumu yake.

Basi, picha hii ikitazamwa hivyo, yasema nini? Yaonyesha kwanza kwamba uso haukukamilika. Vipande vya rangi vinakutana pasipo kuyeyukiana, mfano wa kitu kinachoendelea kujengwa. Na jina lasema vivyo hivyo, kwa kuwa mtu huyu bado si mzee, bali yu karibu. Yaonyesha pili kwamba pande mbili za uso haziafikiani. Upinde wa nyusi moja ni mpole, pembetatu ya nyingine ni kali. Na mtazamaji aliyeamua kutoka upande mmoja hukanushwa na upande wa pili. Mchoraji angependa kutoa hukumu angeweza kuzifananisha nyusi hizo, na uso ungekuwa wa upole mtupu au wa hila tupu. Hakufanya hivyo. Yaonyesha tatu kwamba macho, ambayo ndiyo yangetafutwa dalili, hayatoi dalili yo yote; yanatazama tu. Yeye aliyekuja kusoma hujikuta anasomwa.

Hiyo ndiyo sababu ya kusema kwamba dhahania ya picha hii haikuuondoa ubinadamu wa uso, bali imeulinda. Uso ulioigwa kwa ukamilifu humwezesha mtazamaji kusema upesi: namjua mtu wa namna hii. Uso wa Klee huifunga njia hiyo ya mkato. Humrudisha mtazamaji mwanzo kila mara anapofikiri amekwisha, na kumlazimisha atofautishe kati ya alichokiona na alichokidhani. Kiswahili kina methali isemayo kwamba uso umeumbwa na haya. Na kwa desturi haya hiyo hudhaniwa kuwa ni ya mwenye uso. Yaelekea kwamba sehemu yake ni ya yule atazamaye pia. Mbele ya uso wa mwingine, uliochorwa au uliozaliwa, kuna jambo ambalo mtazamaji hapasi kulitamka kabla hajatazama mara ya pili.

Wanafunzi watakaofundishwa kuifasiri sura kwa kamusi watasahau upesi majina ya wachoraji, lakini tabia ya kamusi watabaki nayo, na wataipeleka kisimani, sokoni na barazani. Wale watakaofundishwa kuuliza kila alama imezaliwa na jirani gani, na moshi gani, na mkono gani, huenda wasiandike kamwe juu ya Klee. Itatosha ikiwa siku moja, katika kijiji fulani kati ya Kharumwa na Shinyanga, mmoja wao atamwona bibi kizee akitoka jikoni huku akifuta macho yake mekundu, naye akajua kwamba chakula kimeiva.